Firigisi Niliyoirudisha

Nyumbani kwetu Lugari, firigisi ya kuku ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa baba. Hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha hilo. Tulizaliwa tukalikuta, kama tulivyokuta kisima na boma la ng'ombe. Mama angeweza kusahau chumvi, na mara moja alisahau hata kuweka maji ya ugali, lakini firigisi alijua iko upande gani wa sufuria tangu inatiwa hadi inapakuliwa.

Siku moja ilipotea. Ilikuwa Krismasi, nami nilikuwa darasa la tano hivi. Baba aliukoroga mchuzi wake kwa kijiko mara mbili, akauliza kwa upole uliotutisha kuliko kelele, "Kwani huyu kuku alikuwa anasaganga chakula na nini?" Mama alirudi jikoni mbio, akaikuta imejificha chini ya viazi. Ndipo tukaanza kula. Mpaka leo ndugu zangu wakitaka kunichokoza hunikumbusha kwamba ni mimi niliyepakua siku hiyo.

Krismasi za kwetu zilianza na mahindi, sio na nyota wala malaika. Desemba ndio mwezi wa kuanika, na uwanja mzima ulitandazwa turubai, na sisi watoto tukawekwa kulinda kuku wasidonoe na mvua isitukute tumezubaa. Mama alienda sokoni Lumakanda akanunua kitambaa kipande kimoja kirefu, fundi akatushonea wasichana wote, tukaingia kanisani tumefanana kama mapazia ya nyumba moja. Nilikichukia kile kitambaa. Sasa ningetoa chochote nikivae tena, nikae kwenye benchi lile lisilo na mgongo huku harufu ya chapati za asubuhi bado iko vidoleni.

Kukhu, yaani bibi yetu mzaa baba, alikula nasi lakini hakula kuku. Alipokuwa msichana, kuku na mayai vilikuwa vya wanaume, na watu walipoachana na mambo hayo yeye hakuona sababu ya kuanza uzeeni. Kila Krismasi alikaa na ugali wake na murenda, ile mboga ya kienyeji inayoteleza, ametulia tuli. Mara moja nilimwona baba akimwekea kipande cha kidari kwenye sahani. Kukhu alicheka, akakirudisha. Baba alikila mwenyewe. Kukhu alikufa bila kumwonja kuku hata siku moja.

Mimi nina jina lake, kwa hivyo baba aliniita "mama" tangu nikiwa nabebwa mgongoni, na ndugu zangu walilalamika kwamba nilikuwa nasikizwa kupita kiasi.

Jambo lingine: kwetu hatukusema asante ovyo. Baba aliliona neno hilo, likitoka mdomoni tu, kama la mtu anayetaka kuondoka mapema. Jirani akituletea ndizi kwenye kikapu, mama alitia viazi au mayai ndani ya kikapu hicho kabla hajakirudisha, na mambo yakaisha hapo. Shukrani ilikuwa kitu unachokipokea kwa mikono miwili na kukirudisha kwa njia nyingine, siku nyingine. Nilidhani naijua vizuri sheria hiyo.

Nilipopata kazi ya kutunza wazee Kanada, nyumbani walichinja yule jogoo mwekundu aliyekuwa akituamsha. Ilikuwa chakula cha mchana, mizigo yangu imeshafungwa na kupangwa mlangoni. Senje, dada yake baba, alikuwepo, amevaa nguo ya kanisani ingawa ilikuwa Jumanne. Tuliomba, tukanawa, mama akampakulia baba wa kwanza kama kawaida, firigisi juu.

Baba aliichukua kwa vidole, akaivusha meza, akaiweka juu ya ugali wangu.

Senje, aliyekuwa bado ananawa, aliacha maji yajae karai. Mimi nilihisi masikio yakipata moto. Msichana, apewe firigisi, mbele ya kaka zake, mbele ya senje! Nilidhani ananijaribu. Au amezeeka, anasahau sahani ya nani ni ipi. Basi nikafanya nilichodhani mtoto aliyelelewa vizuri hufanya. Niliinyanyua kwa mikono miwili, nikainama kidogo, nikairudisha kwenye sahani yake.

"Baba, hii ni yako," nikasema.

Chumba kizima kilishusha pumzi. Senje akasema, "Huyu amefunzwa na mama yake," nami nikavimba kichwa.

Baba alisema, "Haya." Alikula ugali na mchuzi, kisha akainuka, akasema anaenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe wenyewe walikuwa wamefungwa pale nyuma, tukiwaona dirishani. Nilipoondoka, mama na senje ndio walionisindikiza mpaka barabarani. Baba alibaki hukohuko na ng'ombe wake. Nilikasirika. Nilikwenda Kanada nimemnunia, na kununa ni mzigo ambao uwanja wa ndege hawaupimi.

Miaka mitatu simu zetu zilikuwa hivi. "Uko mzima?" "Niko mzima, baba." "Kazi iko?" "Iko." "Haya, ongea na mama yako." Nilihesabu hayo kuwa ubaridi wake, nikamsimulia kila aliyekuwa tayari kusikiliza kwamba baba yangu ni jiwe. Krismasi ya kwanza nilifanya kazi zamu mbili kwa makusudi ili nisiwe na nafasi ya kulia. Ya pili nilipika chapati, zikatoka na umbo la soksi, nikazila nimesimama jikoni, barafu imeganda kwenye kioo cha dirisha. Ya tatu nilijitia hamnazo kabisa, nikalala. Sikuwa na shukrani yoyote, nawaambia ukweli. Nilikuwa na kazi, nyumba yenye joto na afya, na bado nililalamika kuanzia Januari hadi Desemba kama mtu aliyeibiwa.

Mwaka wa nne nilikuwa namtunza ajuza mmoja nyumbani kwake, mcheshi, mpenda karata, mwizi wa karata pia. Oktoba wenzetu wale wana sikukuu ya shukrani. Binti yake alikuja kupika bata mzinga, nami nikaalikwa mezani kama mgeni, sio kama mfanyakazi. Nilikuwa namenya viazi. Binti aliingiza mkono tumboni mwa yule ndege, akatoa kimfuko cha karatasi. Ndani mlikuwa na shingo, ini na firigisi kubwa kama ngumi ya mtoto. Akafungua pipa la taka.

Nilijisikia nikipiga kelele "Hapana!" kabla sijajua kwamba nimefungua mdomo.

Alicheka, akanipa. Niliiosha, nikaichemsha na kitunguu na chumvi, nikaisimamia kama mama anavyosimamia. Tulipokaa, sikufikiri mara mbili. Ajuza ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba ile. Niliichukua firigisi kwa mikono miwili, nikaiweka kwenye sahani yake.

Aliitazama, akanitabasamia, akaisukuma kwa uma mpaka ikaingia kwenye sahani yangu. "Asante mpenzi," akasema kwa lugha yao. "Kula wewe."

Hakuwa na kosa hata chembe. Ni mtu mwenye adabu, na kwao hivyo ndivyo adabu ilivyo. Lakini kitu kilianguka ndani yangu, kikaanguka chini kabisa. Nilikuwa nimempa kitu kikubwa kuliko vyote nilivyojua kumpa mtu mezani, nacho kimerudi kwangu kikiteleza kwenye mchuzi, na kila mtu akaendelea kupitishiana chumvi. Nilitaka kuinuka. Nilitaka kwenda kuangalia ng'ombe.

Hapo ndipo nilipoelewa.

Kisha wakaanza desturi yao ya kuzunguka meza, kila mtu aseme anachoshukuru. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Ninamshukuru baba yangu," sauti ikakatika. Binti wa ajuza alinishika mkono, na kwa jinsi alivyonitazama nikajua wanadhani baba amekufa. Sikuwasahihisha. Lakini wazo lenyewe lilinikaa kifuani. Ana sukari, na macho yake yanaenda yakififia. Akifa kabla sijalirekebisha hili, nitakuwa binti aliyemrudishia baba yake heshima usoni, mbele ya watu, akaondoka amevimba kichwa.

Kesho yake nilimpigia mama, kule kukiwa mchana. Alikuwa anapukuchua mahindi, nikisikia punje zikianguka kwenye beseni.

"Mama, ile siku naondoka, baba alikula ile firigisi?"

Punje zikanyamaza. "Unauliza hiyo leo?"

"Alikula?"

"Alipea paka," mama akasema. "Na tangu hiyo siku hakulangi tena. Nikimwekea anasema ati meno inamuuma, anapea paka. Huyo paka sasa amenona, hata panya anaangalia tu."

"Meno yake ni mbaya?"

"Meno gani? Si hiyo hiyo anatafunanga nayo mahindi ya kuchoma?" Punje zikaanza kuanguka tena. "Kuja nyumbani, mtoto wangu. Sukari imempunguza."

Nilikaa na simu mkononi nikimfikiria kukhu na murenda yake, na kipande kile cha kidari alichokirudisha huku akicheka. Baba alikuwa amejaribu mara moja kumlisha mama yake kuku, akashindwa. Kisha akangoja mpaka mwenye jina lile awe mtu mzima, mwenye safari yake, mwenye kazi yake, akajaribu tena. Nami nikairudisha kwa adabu zote. Niliona aibu hata nikajifunika uso, na chumbani nilikuwa peke yangu.

Nilikata tiketi.

Nilifika wiki moja kabla ya Krismasi. Turubai lilikuwa uwanjani, mahindi yameenea, na baba amekaa kwenye kiti na fimbo ndefu ya kufukuzia kuku, kazi iliyokuwa yetu. Alikuwa amekonda. Shati lilimning'inia mabegani. Aligeuza kichwa kufuata nyayo zangu, kwa sababu macho hayakufika.

"Umefika, mama."

"Nimefika, baba."

"Mvua itanyesha saa tisa," akasema. "Tutoe hii mahindi." Basi nikatua begi, nikaanza kukunja turubai.

Siku ya Krismasi tulienda kanisani, tukarudi, tukakaa meza ileile. Ndugu zangu, senje, mama. Paka naye alikuwepo, mkubwa kweli, ameketi karibu na mguu wa baba kama mtu aliyelipia nafasi yake. Mama alipakua, firigisi juu. Moyo ulinienda mbio kuliko siku ya kuombea viza. Nilijua hatanipa tena. Baba si mtu wa kunyoosha mkono mara mbili, na nisingemlaumu. Na hakuna desturi yoyote ninayoijua inayomruhusu binti kuomba kitu hicho. Mtu hakiombi. Anapewa, au hapewi.

Baba aliishika firigisi kwa vidole. Paka akainuka.

"Baba," nikasema, "naomba hiyo firigisi."

Kijiko cha senje kiligonga sahani. Kaka yangu mkubwa alikohoa. Mama alitazama ukuta. Baba alibaki vilevile, mkono hewani, mchuzi ukimtiririkia kwenye kiganja.

"Si ulisema ni yangu?"

"Nilisema. Nilikosa, baba."

Paka alilia. Baba hakumwangalia. Aliinama mbele, mkono wa pili ukipapasa meza kutafuta sahani yangu, nami nikaisogeza ikutane naye. Akaiweka juu ya ugali, palepale alipoiweka mara ya kwanza.

Niliila. Ilikuwa ya jogoo mzee, ngumu, inateleza kwenye meno, kwa hivyo ilichukua muda mrefu na watu wote wakinitazama. Sikuiacha hata kidogo. Nilipomeza nilisema "Orio, baba," lile neno la asante ambalo nyumba yetu haikulitumia ovyo, nikalisema tena.

Baba alinawa vidole polepole, akajifuta.

"Haya," akasema. "Sasa unaweza kwenda."

"Aende wapi?" mama akamaka. "Na amefika juzi?"

Baba alivuta sahani yake karibu, kama mtu aliyetoka kumsindikiza msafiri barabarani, akaanza kula.