Mipira Mitano ya Nyongeza

Mimi niliacha shule darasa la sita, na leo mageti yangu yanafunga nyumba za watu wenye digrii tatu. Nasema mapema ili tusisumbuane. Juu ya mlango wa karakana yangu, Kawangware, nimeandika INJINIA kwa rangi nyekundu, na hakuna chuo kimewahi kuja kulalamika. Kwetu cheo unajipaka mwenyewe. Jirani yangu wa kushoto alikuwa anauza makaa, akaamka Jumatatu moja akiwa Askofu.

Kumbe kuna nchi ambako mambo hayaendi hivyo.

Mwaka juzi soja mmoja, mtu wa kutoka ziwani ambaye ploti yake na yangu zinapakana, alinitafutia kazi kwa mzee anayemlindia geti. Mzee ni Mzungu wa Skotlandi, anakaa ng'ambo ya barabara kubwa, kule miti ni mingi kuliko watu. Alitaka geti jipya kabla dada yake hajafika Jumamosi kutoka kwao. Majirani wake wawili walikuwa wameniambia wanangoja kuliona; likikubalika, na yao ni yangu. Barabara nzima ilikuwa inaning'inia kwenye bawaba zangu.

Mchoro ulionyesha taji juu ya geti, na juu ya taji mipira minne ya chuma. Minne, kwa geti la upana ule! Mimi si mtu wa uchoyo. Hata mama mboga ukinunua nyanya tano anakuongezea moja. Nikaweka tisa, nikaing'arisha mpaka ungeweza kujichokonoa meno ukijitazama.

Alhamisi nikalipeleka. Mzee akatoka na fimbo yake, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena kama mtu aliyeibiwa.

"Umenipandisha cheo," akasema.

Nikamwambia karibu.

Hakucheka. Alinikalisha kwenye ngazi za nyumba, soja akiwa amesimama hapo hapo, akatufundisha vyeo vya mabwanyenye wa kwao, kila kimoja na taji lake. Majina nayaandika nilivyoyasikia. Juu kabisa kuna dyuk, na taji lake halina mpira hata mmoja, ni majani matupu. Chini yake makwis, majani na mipira kidogo. Kisha al, mipira mitano imesimama juu ya vijiti, na majani katikati. Kisha vaikaunt, mipira tisa imebanana. Wa mwisho mwenye taji ni lodi, mipira minne, na huyo ndiye yeye. Chini ya lodi wapo wengine, mabaroni na wenye mashamba yao, lakini aliwataja vile mtu anavyotaja wapangaji.

Nikamuuliza alifanya kazi gani mpaka akapewa. Akasema alizaliwa. Baba yake alikuwa lodi, na babu yake, na mwanawe wa kwanza tayari ana kacheo kadogo ka kungojea, alikapata akiwa kwenye nepi. Nikauliza shamba ni ekari ngapi. Liliuzwa zamani, na ngome yake. Hapo nikamheshimu kweli. Mimi nina vyumba kumi na vinne vya mabati vya kupangisha kule mtaa wa Raila, Kibera, kila msumari nimeupigilia mwenyewe, na ardhi ni ya serikali. Yeye ana cheo bila shamba, mimi nina nyumba bila hati. Tofauti ni kwamba cheo chake hakivuji.

Nikapiga hesabu ya fundi. "Mzee, nikitoa mitano unarudi kuwa lodi. Lakini nikitoa minne na kuongeza majani, wewe ni al. Kazi ni ile ile."

"Dada yangu atahesabu," akasema. "Miaka yote anaambia watu nilikuja huku kujifanya mkubwa. Ikifika Jumamosi bado ni tisa, geti unarudi nalo kwako."

Alipoingia ndani, soja akanigeukia. Yeye ndiye aliyenileta, na aibu ilikuwa ya wawili.

"Omera, ndugu yangu Injinia, umeshindwa kuhesabu mpaka nne?"

Nimechoma vyuma miaka ishirini na mitano, na sikuwa nimewahi kubomoa kazi nzuri eti kwa sababu imezidi uzuri. Ijumaa asubuhi niliwasha grainda. Kufikia saa nne mipira mitano ilikuwa kwenye mkebe wa rangi, na minne iliyobaki nimeipanga upya, imekaa mbalimbali kama waumini siku ya mvua.

Jumamosi sikualikwa, lakini soja alinisimulia yote. Dada mtu, mama wa miaka themanini hivi, alishuka kwenye gari, na kabla hajamsalimia ndugu yake akainua macho juu ya geti, midomo inacheza. Alipofika nne ndipo akamkumbatia. Wiki iliyofuata jirani wa kwanza akanipigia simu. Huyo ni daktari wa meno tu, alitaka simba.

Ile mipira mitano sikuitupa. Niliichomelea juu ya geti la ploti yangu Raila, nikawa al, hatua mbili juu ya mzee. Wapangaji walipita chini yake na ndoo zao za maji bila kujua wanaishi kwa nani.

Jumapili moja soja akaja kunitembelea huko kwenye ploti. Akasimama nje, akainua kidole, akahesabu polepole. Nikangoja sifa zangu.

"Injinia," akasema, "na majani yako wapi?"

Jumatatu asubuhi nilikuwa karakana, nakata bati, jani moja moja.