Neno "Yangu"

Laiti ningekataa, mwanangu. Naikumbuka asubuhi ile kuliko siku ya harusi yangu: gogo limelazwa barabarani upande wa Beni, uhuru bado mchanga, waasi wameshika njia. Shule yetu ya sekondari, Butembo, ilikuwa imefungwa, nami narudi kwa baba pembeni mwa msitu. Kebe alikuwa amekuja kunipokea, akabeba sanduku langu la vitabu mgongoni, kamba ikimkaza paji la uso.

Kebe alikuwa Mbuti, wa wale watu wafupi wawindaji wa msituni. Ngoja, usipite haraka hapa. Nilipozaliwa, mama yangu alikosa maziwa. Aliyeninyonyesha ni mama yake Kebe: titi moja langu, la pili la mwanawe. Nyumbani hatukulisema hilo mbele ya wageni. Tulisema tu "Bambuti betu", yaani Wambuti wetu, wanaotuletea nyama na asali, na kikombe chao kilikaa nje, karibu na kuku.

Mkubwa wa waasi akamtazama Kebe, kisha akanigeukia mimi, mwanafunzi.

"We mwana-kelasi, huyu naye nani?"

Neno la kweli lilikuwa kinywani: ndugu yangu. Lakini nyuma yangu walisimama wanafunzi wenzangu wawili, na nilikiogopa kicheko chao kuliko bunduki. Nikasema kama baba alivyosema siku zote.

"Ni Mbuti yangu."

Kiswahili chetu unakijua: jembe yangu, mbuzi yangu, mutu yangu. Neno ni lile lile. Nilidhani namkinga, maana kitu chenye mwenyewe hakiguswi. Nilisahau kwamba kitu chenye mwenyewe huazimwa.

"Aa, iko yako! Basi utuazime. Anajua pori, atuonyeshe njia ya Manguredjipa. Tutakurudishia."

"Hata Mbuti iko na patron, iko na bwana yake!" mwenzake akadakia, nao wakacheka.

Kebe akalitua sanduku. "Kambale, mi niko na kinywa. Aniulize mi."

Mkubwa hakumwangalia. Aliniangalia mimi. "Unakubali ao hapana?"

Nikasema ndiyo.

Mpaka leo sijui kama kukataa kungemwokoa. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyekataa. Gogo likasogezwa, nikapita na vitabu vyangu.

Kebe hakurudi. Mama yake alikuja uani kwetu, hakulia. "Kambale, siku ya kumurudisha haijafika?" Akaja tena, na tena, na swali lile lile, nami najificha ndani. Mwishowe nilitoka, nikamwita yeye "mama".

"Mi nilinyonyesha mutoto," akasema. "Hapa naona patron. Patron hanyonyi."

Akaondoka na watu wake, wakaingia msituni. Maji yakimwagika hayazoleki. Nami tangu hapo sijatulia: hata sasa ninapoandika, pikipiki ikisimama nje nainuka, naenda mlangoni, narudi. Nani atakuja kudai leo?

Mwanangu, wewe unaalikwa kwenye mikutano. Msitu unagawanywa, na Mbuti ameketi nyuma kabisa, karibu na mlango. Utawasikia watu wema, wenye tabasamu, wakisema, "Bambuti betu wamekubali." Hapo simama. Sema ana kinywa, aulizwe mwenyewe. Akijibu hapana, hapana yake iwe na uzito kama yako. Akifukuzwa alipozaliwa, akilimishwa kutwa kisha akapewa pombe kuwa ujira, usiulize kwanza ni Mbuti wa nani. Mtu si wa mtu. Na kile kikombe cha nje, kama bado kipo kwenu, kivunje kabla hujala leo.

Ulimi hauna mfupa. Mungu akupe wa kwako uwe mzito mbele ya uongo na mwepesi mbele ya haki, na uzee wako uwe na usingizi. Ulimi wangu ulitamka neno moja dogo, nikampoteza ndugu niliyenyonya naye, na mama aliyeninyonyesha akafa bila kuniita mwanawe tena.