Ubeti wa Mwisho Kinuni

Mchana ule nilivuka kutoka mtaa wa Ngagara kwenda mtaa wa Jabe, shairi nimelikunja ndani ya sidiria. Wakati wa vita, karatasi yenye mistari mifupi hufanana sana na orodha ya majina, na askari wa vizuizini hawakuwa watu wa kungoja vina.

Tulikuwa wanawake watano tuliojiita washairi. Mimi nilikuwa na digrii. Wenzangu walikuwa na sauti. Sote tulifundishwa na bibi mmoja, mtunzi wa nyimbo za harusi, ambaye alfajiri ya kesho yake wanawe wangemvusha kwenda Uvira, ng'ambo ya mpaka. Tulitaka asikie shukrani zetu kabla hajaondoka, tena kwa desturi yake mwenyewe: anayetunzwa hukaa mkekani, kila mwanafunzi husimama mbele yake akamsomea beti zake, na ubeti wa mwisho yeye huujibu kwa kigelegele. Bila kigelegele, hajapokea.

Kigelegele tulikifuta. Wiki ile, mtaa wa pili, watu waliokutwa wamekaa wakizungumza walichukuliwa kwa kosa la mkutano, na hawakuwa wamerudi. Ili kuficha sauti zetu tulileta sombe uani kwa bibi: mmoja atwange, mwingine asome. Majani ya muhogo hayana siasa.

Mpango ulikuwa mzuri, ila tulisahau kwamba mtwangaji naye alikuwa mshairi. Zamu yangu ya kusoma, nilipofika kwenye mstari ambapo bibi ananishika mkono, mimi nikiwa mtoto, na kuniambia niseme kwa nguvu, mwenzangu aliyekuwa akitwanga alisimamisha mchi ili asikie vizuri. Ua wote ukanyamaza. Sauti yangu ikabaki peke yake, ikivuka ukuta.

Geti likagongwa kwa kitako cha bunduki.

Sikufikiri. Niliitupa karatasi kinuni, na mwenzangu, naye bila kufikiri, akaitwanga.

"Munafanya mkutano gani humu?" askari aliuliza akiingia.

"Tunatwanga sombe, mutoto yangu," bibi alijibu bila kunyanyuka.

"Watu wote hawa, kinu moja?"

"Kwenu mama alitwanga peke yake? Ndiyo maana umekonda hivyo."

Nilijua ametuua. Askari akasogea, akainama juu ya kinu, akayatazama majani. Wino wangu wa buluu ulikuwa umekwisha kumezwa na kijani.

"Mutawanyike mbele ya giza," akasema, akatoka.

Mwenzangu akaanza tena kutwanga. Bibi akanigeukia.

"Na beti ya mwisho?"

"Iko kwa sombe, Bibi."

"Kwa kichwa haiko?"

Miaka yote ile ya chuo kikuu, na kichwani haukuwamo. Nikapiga magoti, nikamwambia kwa maneno ya kawaida kwamba bila yeye nisingethubutu kuandika hata barua, na kwamba naogopa hatutaonana tena.

"Mubaya sana," akasema. "Haina hata mizani."

Kisha akavuta pumzi, akainua kidevu, na sote tukajua kinachokuja. Nilimrukia nikamziba mdomo. Kigelegele chote kikaishia kiganjani mwangu, cha moto, kikitetemeka, huku macho yetu yote yakiwa getini.