Saa ya Baba na Mkono wa Mdogo Wangu

Kwa miaka sita saa ya baba niliitia ufunguo mimi. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, vidole havikamati tena kile kitufe kidogo cha pembeni, basi kila asubuhi akishamaliza uji ananyoosha mkono, naivua, nakizungusha kitufe mara kumi na nane, namvalisha. Kumi na nane, si zaidi. Alinifundisha mwenyewe, yeye aliyeishi na saa hiyo tangu alipokuwa akifanya kazi stesheni: springi imezeeka, ukiilazimisha itakatika. Nilihesabu kwa sauti, naye akinifuatisha kwa midomo.

Kazi haikuwa hiyo tu. Anayeijua Miyuji, mtaa wetu, wakati wa kiangazi analijua vumbi letu. Linaingia kwenye sukari, linaingia kwenye masanduku yaliyofungwa, sembuse saa. Kila Jumamosi niliacha cherehani yangu, nikakaa barazani na kipande cha kanga kuukuu na njiti ya kiberiti niliyoichonga ncha, nikachokoa uchafu mwekundu uliojibana kwenye maungio ya mkanda. Kioo chake ni cha plastiki, kwa hiyo mikwaruzo niliisugua kwa dawa ya meno, kwa ncha ya kidole, taratibu, mpaka tarakimu zikaonekana upya. Mume wangu alikuwa akisema hata yeye hajawahi kusuguliwa hivyo.

Kisha Jumapili moja akaja mdogo wangu. Yeye ni kitinda mimba, mtoto wa kiume pekee, ana kazi wizarani kule Mtumba, na hutokea kwetu mara moja kwa mwezi na kreti ya soda. Akija yeye, baba hubadilishwa shati na kuku huchinjwa. Kuku ni wangu, na shati nafua mimi. Siku hiyo tulipomaliza kula, baba aliuinua mkono mdomoni, akaulegeza mkanda wa saa kwa meno kwa kuwa vidole vilimshinda. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Hakuniomba nimsaidie.

"Mwanaume anayekwenda ofisini hawezi kutembea mkono mtupu," alisema, akampa.

Mdogo wangu aliipokea kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga. Mimi nilikusanya vyombo. Ulikuwa wivu, na sitaupamba kwa jina jingine. Ulinipanda kifuani kama kiungulia. Nikisugua sufuria nilijiuliza mimi miaka yote hiyo nimekuwa nikitembea mkono gani. Nilimchukia hata kwa jinsi mkanda ulivyomkaa barabara, kama uliokatwa kwa kipimo chake.

Alinifuata jikoni. "Dada, nifundishe basi. Naizungusha mara ngapi?"

"Zungusha tu mpaka ikaze," nilimjibu bila kugeuka.

Nilijua ninachokifanya. Kumi na nane ilikuwa yangu na baba, na kama saa itamfia mkononi, na ifie hukohuko Mtumba mbele ya wakubwa zake.

Wiki tatu baadaye alikuja siku ya kazi, mchana, akaniitia getini ili baba asimwone. Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho.

"Nimeiua, dada. Asubuhi nilizungusha, ikakaza, mara ikalegea yote. Usimwambie mzee kwanza, nakuomba."

Nilimpa pole, na moyoni nikafurahi. Furaha hiyo haikufika hata jioni. Nilipoifunga saa aliyoniachia kwenye pindo la kanga niliikumbuka sauti yangu mwenyewe jikoni, na chakula kikanishinda.

Kesho yake niliipeleka kwa fundi mmoja mzee wa karibu na soko. Alibana lenzi jichoni, akafungua mgongo wa saa, akaitoa springi kwa kibanio na kuniwekea juu ya karatasi. Ilikuwa vipande viwili.

"Ni kwa sababu ilizungushwa kupita kiasi?" nilimuuliza.

"Nani kakudanganya, mama? Ikijaa inakaza, inakataa kwenda mbele, basi. Hii imeliwa na kutu, hebu ona hapa. Ingekatika hata ungekuwa unaizungusha wewe."

Nilikaa kwenye benchi lake muda mrefu wakati anatia springi nyingine. Hesabu niliyoilinda miaka sita haikuwa na maana yoyote. Mdogo wangu hakuiua saa, na wala mimi sikuiua, ingawa nilitaka.

Jumapili iliyofuata alifika kabla ya chakula. Hata soda hakuzishusha. Alichuchumaa mbele ya kiti cha baba, akamwamkia, akasema, "Baba, ile saa niliiharibu. Niliizungusha vibaya. Dada ndiye aliyeipeleka kwa fundi ikapona."

Baba alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi.

"Basi nilikosea," alisema. "Saa hii imemzoea dada yako. Ivae wewe, mama."

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema: fundi amesema si kosa lake. Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa mbele ya baba, mtu mzima na suti yake. Ningeisema, angeinuka na saa yake mkononi. Nilifungua pindo la kanga, nikaitoa, nikanyoosha mkono.

Aliyenifungia ni mdogo wangu mwenyewe, akihangaika na mkanda uliokuwa mkubwa kwangu.

"Nisamehe, dada," aliniambia kwa sauti ya chini.

Nikamwambia nimemsamehe.