Abiria Kumi na Wanne wa Kolgarra

Karatasi ilisema watu kumi na wanne. Mwaka mzima, kwa mujibu wa karatasi hiyo, watu kumi na wanne tu ndio waliopanda treni katika stesheni ya mji wetu wa Kolgarra. Kijana wa ofisi ya reli aliyekuja kutusomea katika ukumbi wa mji, Julian Stroud kwa jina, aliisoma kwa sauti ya upole, kama daktari anayetoa habari za mgonjwa aliyezidiwa. Alikuwa amevaa viatu vya mjini na amekwisha kula skoni mbili, vile vimkate vya chai, za wenyeji wake.

Ukumbi mzima ulicheka. Wiki ile peke yake walipanda watu tisa, na waliowaona wakipanda walikuwa wamekaa humo humo ukumbini. Asiyecheka ni Valda Hockings, bibi wa miaka sabini na minane, mfupi, mwenye sauti inayofika upande wa pili wa reli. Alisimama taratibu akishika kiti cha mbele yake.

"Hebu rudia hiyo namba, baba."

"Kumi na wanne, mama."

"Mimi peke yangu napanda kila Alhamisi. Huko kwenu mjini mwaka una Alhamisi ngapi?"

Stroud alitabasamu, na tabasamu lile Valda hajalisamehe mpaka leo. Alieleza kwamba karatasi inahesabu watu waliopiga simu kuomba treni isimame, na tiketi zilizokatwa kwa jina la Kolgarra. Kama mtu hayumo humo, basi hayumo. Kwa hiyo kuanzia wiki ya kwanza ya Oktoba treni itakuwa inapita Kolgarra bila kusimama, ili wasafiri wengine waokoe dakika nne.

Dakika nne. Clarrie, mumewe Valda, yuko katika nyumba ya wazee kule Dunmoor, kilomita sabini kutoka hapa. Valda alinyang'anywa leseni ya gari macho yalipoanza kumpotea, basi la abiria hakuna, na majirani wana ngano yao ya kuvuna. Treni isiposimama, hamwoni mumewe. Jambo lenyewe ni hilo, mengine yote ni maelezo.

Na Valda si mtu wa kuambiwa habari za stesheni na mgeni. Aliingia pale akiwa na miaka kumi na sita, kumimina chai katika chumba cha chai, enzi ambazo treni ya Melbourne ilisimama dakika kumi na saba ili injini yake ya mvuke inywe maji, na abiria mia mbili wakashuka wakikimbia kutafuta chai na pai ya nyama. Vikombe vilikuwa vyeupe, vizito, vya kuvunja kidole cha mguu. Valda alijifunza kumimina vikombe ishirini kwa mkupuo bila kuinua birika, huku akiwatukana kimoyomoyo wanaume waliodai sosi zaidi. Clarrie alikuwa karani wa mizigo. Alimwomba wafunge ndoa akiwa amesimama kwenye foleni ya pai, na Valda akamwambia angoje zamu yake kama wengine.

Kisha zikaja injini za dizeli, zisizohitaji maji, na chumba cha chai kikafungwa. Baadaye treni ya abiria ikaondolewa kabisa, miaka kumi na minne, tukawa tunatazama mabehewa ya ngano yakipita. Ilirudi baada ya wanawake wa mji huu kulala relini mbele ya kamera, Valda akiwa wa tatu kutoka kushoto, amevaa kofia ya kanisani. Clarrie alikuwa amepanda cheo akawa mkuu wa stesheni wa mwisho. Siku walipoiondoa kazi yake, walimpa saa ya mezani na kumwambia aache funguo chini ya kopo la maua. Akaenda nazo nyumbani.

Funguo hizo ndizo zilizompa Valda kazi isiyo na mshahara kwa miaka ishirini. Yeye ndiye aliyefagia jukwaa, akakata mawaridi, akawasha hita ya chumba cha kungojea kabla ya treni ya asubuhi. Ofisi ya reli haikumwomba, wala haikumkataza. Rangi ya kuta aliinunua mwenyewe, na benchi alilitengeneza Noel Grieve, mkulima wa jirani, kwa mbao za zizi lake.

Sasa sikilizeni kosa letu. Treni iliporudi, ilirudi kwa sharti: haisimami Kolgarra mpaka mtu apige simu mjini kabla ya saa kumi jioni ya jana yake. Kupiga simu huko ni adhabu. Unapigiwa muziki, unaambiwa simu yako ina thamani kubwa, unapigiwa muziki tena. Mama wa watu akiwa na mtoto mgonjwa hana dakika arobaini za kusikiliza zumari. Valda akawaambia watu wasijisumbue, akaenda kabatini akatoa bendera za Clarrie.

Bendera ni mbili. Ya kijani humwambia dereva njia iko salama, basi. Valda akaipa kazi nyingine: akiishika mbele ya kifua na kuitikisa mara mbili, maana yake kuna mtu hapa, simama. Madereva wakaelewa, wakaambizana, na tangu hapo hakuna dereva aliyempita. Ile nyekundu ilibaki kabatini. Nyekundu si ombi, ni amri. Dereva akiiona hana hiari, atasimama hata kama amembeba nani, na akishasimama lazima aandike ripoti, saa ngapi, wapi, kwa nini. Katika miaka yake yote kazini Clarrie aliinua nyekundu mara moja tu, lori la ngano lilipokwama katikati ya reli.

Basi watu wakapanda kwa bendera ya kijani, na tiketi wakakata ndani kwa kondakta. Kumbe mashine ya kondakta haikuwa na jina la Kolgarra ila siku ambayo simu imepigwa. Kondakta, kwa wema wake, akawa anawakatia tiketi ya Perrin, stesheni ya jirani, maana nauli ni ile ile. Mwaka baada ya mwaka. Perrin, yenye nyumba kumi na moja na mbwa mmoja mkali, ikaonekana mji unaosafiri kupita kiasi. Wakaijengea kibanda kipya cha vioo na maegesho ya magari arobaini.

Haya yote yalitambulika pale ukumbini, kidogo kidogo, Stroud akijibu maswali huku akitazama saa. Kicheko kilikwisha. Noel Grieve akageuka kwenye kiti chake.

"Val, si wewe uliyetuambia tuachane na simu?"

"Ni mimi."

"Basi ndugu yangu, ndiyo hii sasa."

"Noel, funga mdomo wako, umejaa skoni."

Lakini alikaa. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na Valda hakutaka pole ya mtu. Alikuwa na hasira na Stroud, na viatu vyake, na Perrin na kibanda chake cha vioo. Hasira kubwa zaidi ilikuwa juu ya mikono yake mwenyewe, iliyotikisa kitambaa miaka ishirini ikidhani inaitunza stesheni. Usiku ule hakula. Aliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kesho yake alianza nyumba ya kwanza barabara ya reli. Hakubisha hodi kwa upole.

"Unaenda wapi mwezi huu?"

"Siendi popote, Val."

"Utaenda Dunmoor Jumanne. Piga simu."

"Nikafanye nini Dunmoor?"

"Ukanunue soksi. Nitakaa hapa mpaka upige."

Alikaa kweli, mkoba mapajani, muziki ukilia mpaka mtu wa mjini akapokea. Alifanya hivyo nyumba kwa nyumba wiki tatu. Watu walisafiri ambao hawakuwa na safari. Mwenye duka la nyama alikwenda Dunmoor mara nne na kurudi mara nne akilalamika kwamba ameshayaona yote. Tiketi zikatoka zimeandikwa Kolgarra, maandishi meusi, na Valda akawa anazidai kila mtu amwonyeshe. Zilikuwa safari sitini na tatu katika wiki tatu.

Valda aliiandikia ofisi ya reli hesabu hiyo, na barua ya majibu ilikuja haraka. Ofisi iliwashukuru wakazi kwa moyo wao. Ongezeko limeonekana na litazingatiwa katika mapitio yajayo, baada ya miaka miwili. Ratiba ya Oktoba imekwisha kuchapwa.

Valda aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba. Miaka miwili. Clarrie ana miaka themanini na mitatu, na siku hizi humtambua mkewe Alhamisi tu, kwa kuwa Alhamisi amezoea. Wiki moja mafua yalipomzuia Valda kwenda, wauguzi walisema Clarrie alishinda mlangoni amevaa koti. Hao walioandika barua hawakuuliza hilo, na hata wangeuliza mashine yao haina mahali pa kuliandika. Valda aliitukana barua ile kwa maneno ambayo hatukujua anayajua.

Wahenga walisema hasira hasara. Valda alikuwa tayari kwa hasara.

Alhamisi ya kwanza ya Oktoba alifagia jukwaa kama kawaida. Alivaa kofia ile ya kanisani, akaweka vipande viwili vya keki ya matunda mkobani, akafunga chumba cha kungojea. Kisha akatembea hadi mwisho wa jukwaa, upande ambao treni hutokea. Reli hapa imenyooka na nchi ni tambarare, dereva humwona mtu akiwa bado mbali sana. Taa ya injini ilipoonekana aliifungua bendera. Ilikuwa imekunjwa muda mrefu hata alama za mikunjo hazikutoka. Akainyoosha kwa mikono miwili juu ya reli, nyekundu, na hakuitikisa.

Honi ililia. Breki zikashika, chuma kikapiga kelele urefu wote wa mabehewa, na treni ikaja ikipungua, ikapungua, ikasimama hatua kumi kutoka kwake. Abiria walijazana madirishani. Harjit, dereva aliyekuwa akimsimamishia kwa ile ya kijani miaka sita, alishuka mbio na redio mkononi.

"Bi Val, kuna nini relini?"

"Relini hakuna kitu."

Harjit alitazama reli mbele, akamtazama yeye, akatazama bendera. Aliishiwa nguvu za kukasirika.

"Bibi yangu, umenitoa roho. Nilidhani kuna mtoto. Unajua hii si mchezo? Nimeshaita kituo kikuu. Lazima niripoti, na Dunmoor polisi watakungoja."

"Wangoje. Wakishanisikiliza watanipeleka kwa Clarrie, si wana gari?"

"Ningekuwa na uwezo ningesimama kila siku. Wamenikataza kwa maandishi."

"Najua, mwanangu. Sina ugomvi na wewe. Toa karatasi yako."

"Nitaijaza tukifika."

"Utaijaza hapa, mbele yangu."

Watu wazima hawabishani na Valda akiwa na kofia ile. Harjit alitoa fomu, akaiegemeza kwenye ubavu wa injini, akaandika saa. Kwenye sababu alisita.

"Niandike nini hapa?"

"Abiria mmoja."

Aliandika. Valda alisogea karibu mpaka pua yake ikakaribia kugusa karatasi, kwa kuwa macho yale hayakuona tena vizuri, na akaweka kidole kwenye nafasi iliyobaki tupu, ile ya mahali.

"Hapo andika Kolgarra," alisema. "Usithubutu kuniandikia Perrin."

Alisimama papo hapo mpaka herufi ya mwisho ilipoandikwa. Ndipo akaikunja bendera, akaenda kupanda.