Kichwa Changu Katika Mtihani wa Chebet

Mpaka leo nikipita mlango wa saluni na ile harufu ya dawa ya kulainisha nywele ikanifikia, kichwa huanza kuniwasha. Ni harufu kali, ya kupanda puani na kukaa. Watu hunicheka nikisema naiogopa. Wewe nitakueleza kwa nini, bora usicheke mapema.

Dada yangu Chebet alikuwa anasomea ususi katika chuo cha ufundi cha pale kwetu, ng'ambo ya mashamba ya chai, upande wa Kiptere. Baba hakupenda. Alitaka Chebet awe nesi, na matokeo ya kidato cha nne yalipokataa, akasema kusuka nywele hakuhitaji chuo, hata jikoni watu wanasukana. Mwishowe akatoa neno: Chebet akianguka mtihani, ataenda Siongiroi kwa shangazi kuchunga ng'ombe na kungoja kuolewa. Baba hakuwa mtu wa kusema mara mbili. Mimi na Chebet tulilala kitanda kimoja, kwa hivyo nilijua vile alivyokuwa akigeukageuka.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa vitendo, na kila mwanafunzi alitakiwa kuja na mtu wa kutengenezwa nywele. Wa Chebet alikuwa Atieno, jirani yetu aliyechuma chai kwenye kampuni, mwenye nywele nyingi na maneno mengi zaidi. Asubuhi ya mtihani msimamizi wake akamnyima ruhusa. Chebet akasimama mlangoni na begi lake la vitana, akaniangalia kichwa. Nilikuwa darasa la nne na shule zilikuwa zimefungwa.

"Wewe utatosha," alisema, lakini sauti yake haikuwa na hakika.

Kogo, yaani nyanya yetu, alinifunga lesso mabegani, akanivalisha malapa yake makubwa, kisha akanipa wosia. "Usilie. Usitikise hata nyusi. Mtoto wa hapa kwetu haonyeshi maumivu." Nikaubeba wosia huo kama yai. Shida ni kwamba mimi nikiogopa hujikuna kichwa. Njia nzima, katikati ya chai yenye umande, nilimwona Chebet akilini, nyuma ya ng'ombe wa shangazi, nikajikuna. Nikajiona nikilia mbele ya mtahini, nikajikuna tena.

Mtahini alikuwa mama mrefu mwenye miwani, asiyecheka. Alisimama nyuma yetu na karatasi zake. Chebet akavaa glavu, akaniuliza kwa sauti ya darasani kama nilikuwa nimejikuna kichwa.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba dawa ile na ngozi iliyokunwa haviwezani. Nilidhani anauliza kama mimi ni mchafu. Nikasema hapana.

Mwanzoni dawa ilikuwa baridi, tamu hata. Halafu ikaanza kuuma nyuma ya sikio, halafu kila mahali, mpaka ikawa ni kama nimemwagiwa majivu ya moto. Mtahini akainama. "Inakuchoma?"

"Hapana," nikasema. Nilikuwa nimeamua kichwa kiungue, bora Chebet apite.

Mara Chebet akanishika shingo, akaniinamisha kwenye sinki, akafungulia maji. Wenzake walikuwa bado wanapaka. Aliniosha, akarudia kuniosha, na hakumwangalia mtahini hata kidogo. Nywele zangu zikatoka nusu zimelala, nusu zimesimama. Msichana wa kiti cha pili akaziba mdomo asicheke. Mtahini akaandika kitu, akaenda zake.

Njiani Chebet alilia mpaka tukafika karibu na kituo cha kupimia chai. Nikamwambia pole, na kwamba Siongiroi tutaenda wote. Akapangusa pua. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hiyo hamjafunzwa darasa la nne?" Jioni akanipaka mafuta kwenye vidonda, polepole, bila kunigombeza. Siku za kungoja matokeo, kila Baba alipokohoa nilidhani ndiyo safari ya Siongiroi.

Chebet alipita. Baba aliisoma karatasi, akaigeuza aone kama nyuma kuna kitu kingine, akasema, "Haya." Siongiroi haikutajwa tena. Mimi sikuelewa, na kwa miaka mingi niliamini kwamba yule mama wa miwani alinihurumia tu.

Mwaka jana nilikuwa nimekaa katika saluni ya Chebet mjini Bomet, ambako siku hizi yeye ndiye hupokea wanafunzi wa chuo waje kujifunza kazi. Msichana mmoja alikuwa akimpaka mteja dawa na kumuuliza kila mara kama inamchoma. Mteja alijibu hapana, hapana. Chebet akasema kutoka upande wa pili, "Wacha kuuliza mdomo. Watu wa huku tumefunzwa kunyamaza. Angalia vidole vya miguu."

Nikaangalia chini. Vidole vya yule mteja vilikuwa vimejikunja juu ya ndara zake, vimekaza kabisa. Nikayakumbuka malapa ya Kogo, na vidole vyangu vyote nje. Siku ile nilijitahidi kwa nguvu zangu zote dada yangu asijue kwamba naumia, nikidhani ndivyo ninavyomwokoa. Kumbe yule mama wa miwani alikuwa amesimama pale akingoja kitu kimoja tu, aone kama Chebet atajua.