Friji Iliyovuliwa Kofia

Mimi nilikuwa nauza bia baridi. Nasema wazi, maana kuna wamama wa kanisani kwetu Likasi wanaosimulia miaka ile kana kwamba sote tulikuwa tunauza mikate. Nilikuwa na friji kubwa, ile ya kulala yenye mfuniko juu, mume wangu aliinunua wakati kiwanda kilikuwa bado kinalipa. Mishahara ilipokatika, akaenda Lubumbashi kutafuta kazi, nikabaki na friji, watoto wawili na mdomo wangu.

Kisha surua ikaingia mtaani. Zamani tuliichukulia kama ugonjwa wa kila mtoto, unakuja unapita. Safari hii haikupita. Watoto walikuwa wamekonda kwa njaa, hospitali haina dawa, na kila asubuhi unasikia kilio kwa jirani. Mvulana wangu akashikwa. Mwili ukawaka moto, macho yakajaa tongo, kifua kikabana. Kilichonimaliza mimi ni sauti. Sauti yake ilikauka kabisa. Alikuwa analia, mdomo wazi, machozi yanatoka, na wewe mama yake husikii kitu. Usiku niliweka mkono kifuani pake ndipo nijue kama analia. Tulimpeleka makaburini kwa mkokoteni, ule tunaouita pusupusu, kwa sababu magari hayakuwa na mafuta.

Nikabaki na binti yangu, bado ananyonya, ndiyo kwanza anajifunza kusimama kwa kushika kiti. Sikumweka chini tena. Mtu akikohoa barazani kwangu namfukuza, hata kama hajamaliza chupa yake.

Siku moja akaja muuguzi wa zahanati yetu, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo. Chanjo ya surua imefika, akasema, na watoto watachanjwa Jumamosi. Lakini friji ya zahanati ilitumia mafuta ya taa, na mafuta ya taa hakuna.

"Mama, weye iko na friji. Toa bia."

"Nitoe bia! Na miye nitakula nini?"

Hakubishana nami. Alimtazama tu mtoto mgongoni mwangu. "Na huyu bado hajachanjwa," akasema.

Nikatoa bia. Tukajaza friji mifuko ya maji yagande, na katikati tukalaza viboksi vya chanjo. Wateja wangu wakanuna. Walikuwa wanaume wa kiwandani waliokosa kazi ya kufanya, na mkubwa wa malalamiko alikuwa mzee mmoja mrefu, fundi wa tanuru. "Mama, hii bia iko moto sawa supu!" Nikamwambia aipulize.

Ijumaa asubuhi umeme ukakatika. Wezi wa shaba walikuwa wamekata waya wa mtaa wetu mzima. Muuguzi akafika mbio, kandambili moja mkononi. "Usifungue!" akapiga kelele kabla hata ya kusalimia. Akaeleza kwamba friji ikikaa imefungwa baridi itashika saa kadhaa, baada ya hapo barafu itayeyuka na chanjo itakufa, itabaki maji tu. Nyingine itakuja lini? Hajui. Nilimgeuza binti yangu kutoka mgongoni, nikamwangalia usoni, nikamwona kaka yake.

"Shituru, upande wa kiwanda, kuna umeme," muuguzi akasema. "Ule wa bwawa la Mwadingusha unafika mpaka zahanati ya kule. Lakini kasha langu la baridi limepasuka, na jua hili..."

Fundi wa tanuru akaweka glasi yake chini. "Basi tunabeba friji yenyewe," akasema.

Wakaipandisha kwenye pusupusu. Tukaifunika mablanketi, na juu ya mablanketi nikatandika shuka langu jeupe, lile zuri la harusi, lirudishe jua. Wanaume wawili mbele wanavuta, wengine ubavuni wanashikilia, polepole, vichupa vya chanjo visigongane. Mimi na muuguzi tulifuata nyuma.

Sasa fikiria mtu anayetuona kutoka mbali. Mwenye baiskeli ya makaa akashuka, akasimama kando. Babu mmoja akavua kofia na kufanya ishara ya msalaba. Wanawake wakatoka viwanjani mwao, wakajifunga vitenge kiunoni, wakaingia nyuma yetu bila kuuliza. Kwetu maiti ikipita huulizi, unasindikiza. Tulipofika njia panda mama mmoja akashika kichwa: "Eeeh, mama yangu! Ni nani tena?" Na wote wakapokea kilio.

Mimi nikalipuka. "Nyamazeni! Hamuna maiti humu! Ni dawa ya batoto!"

Yule mama akashusha mikono. "Dawa gani?"

"Ya surua. Ya sindano."

"Aka! Sindano inafungia surua ndani ya mwili, mutoto anakufwa!"

Muuguzi akafungua mdomo, lakini sikumpa nafasi. "Wangu alikufwa bila sindano hata moja!" nikasema. "Nilimuzika na mikono hii! Yeye nani alimufungia? Niambie, nani?" Sikuwa nimelia mazikoni. Nikalia pale, katikati ya barabara, kwa hasira na kwa uchungu, mtoto mgongoni akinivuta nywele.

Yule babu alikuwa bado na kofia mkononi. "Wanatoa wapi hiyo dawa?" akauliza.

"Kesho. Shituru," muuguzi akajibu.

Hakuivaa kofia. Aliikunja, akaitia mfukoni, akashika ubavu wa friji na kusukuma. Na wale wanawake, wangerudi kupika, lakini vitenge walikuwa wameshafunga, wakaona afadhali wafike. Tuliingia Shituru kundi zima. Friji ilipochomekwa, fundi wa tanuru akabandika sikio ubavuni. "Inanguruma!" akapaza sauti, na tulipiga vigelegele kama kwenye harusi. Barafu ilikuwa bado barafu.

Jumamosi uwanja wa zahanati ulijaa mpaka ukutani. Aliyetangulia mstarini alikuwa yule mama wa njia panda, na wanawe wawili. Hakuniangalia, nami sikumchokoza, ingawa mdomo ulikuwa unaniwasha.

Ikafika zamu yetu. Muuguzi akamchoma binti yangu mkononi. Mtoto akakunja uso, akafungua mdomo, na sauti haikutoka. Mdomo wazi, machozi yanashuka, na sisikii kitu. Nikaweka mkono kifuani pake.

Ndipo akavuta pumzi na kupiga yowe, yowe la kweli, watu wote uwanjani wakageuka, fundi wa tanuru akaziba masikio. Muuguzi akanyoosha mkono ambembeleze.

"Muache," nikamwambia. "Lia, mama. Lia, mama yangu, lia tu."